Utii wa Imani na Sanduku la Kura: Gharama ya Ushindi wa California

Dini haijawahi kukaa nje ya siasa katika nchi yoyote yenye waumini wengi, kwa sababu raia anayeingia katika kituo cha kupigia kura huingia na dhamiri yake yote, pamoja na yale aliyofundishwa na wazazi, masheikh, mapadri na wachungaji wake kuhusu haki na batili. Kumtaka mtu huyo aiache imani yake mlangoni ni kumtaka asilolimudu, na demokrasia haina haja ya sharti hilo. Lipo hata hivyo jambo jingine ambalo mara nyingi huchanganywa na haki hiyo ya muumini, nalo ni hatua ya taasisi ya dini kuuchukua utii ambao waumini wameitolea kwa ajili ya wokovu wao na kuuelekeza kwenye kampeni ya kisiasa, yenye ratiba, mafungu ya fedha na matangazo ya televisheni. Mfano ulio wazi kuliko mingi wa hatua hiyo ni kampeni ya mwaka 2008 katika jimbo la California, Marekani, iliyohusu Pendekezo la 8, yaani hoja iliyoondoa kwa kura haki ya watu wa jinsia moja kufunga ndoa, miezi michache tu baada ya mahakama kuitambua haki hiyo. Makanisa yaliyoiunga mkono hoja hiyo yalishinda, lakini ushindi wao uliwanyima raia wenzao heshima ya sheria kwa karibu miaka mitano, uliyapunguzia makanisa yenyewe mamlaka ya kusikilizwa, na mwishowe haukudumu.

Sheria, katiba na ndoa ya bomani

Tangu mwaka 1911, California imewapa raia wake uwezo wa kutunga sheria moja kwa moja bila kupitia bunge: wanaotaka jambo fulani hukusanya saini za wapiga kura, na saini zikitimia, pendekezo lao hupelekwa kwenye uchaguzi, ambako wingi wa kawaida wa kura hutosha kulipitisha, hata likiwa ni la kurekebisha katiba ya jimbo. Kwa njia hiyo, Machi 2000 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 22, lililotamka kwamba ndoa halali ni ya mwanamume na mwanamke pekee, kwa asilimia 61.4 ya kura. Hiyo ilikuwa sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida ikipingana na katiba huanguka. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 15 Mei 2008, pale majaji wanne dhidi ya watatu wa Mahakama ya Juu ya California, katika uamuzi ulioandikwa na Jaji Mkuu Ronald George, walipotamka kwamba kuwanyima watu wa jinsia moja ndoa ni kuvunja haki ya usawa iliyomo katika katiba ya jimbo. Ndoa zilianza kufungwa katikati ya Juni, na kabla ya uchaguzi wa Novemba takriban jozi 18,000 zilikuwa zimekwisha kuoana.

Wapinzani wa ndoa hizo, ambao walikuwa wameanza kukusanya saini hata kabla ya hukumu, walikuwa na njia moja iliyobaki, nayo ni kuibadili katiba yenyewe. Pendekezo la 8 lilikuwa sentensi moja ya maneno 14 kwa Kiingereza, iliyosema kwamba ni ndoa kati ya mwanamume na mwanamke pekee itakayokuwa halali au kutambuliwa California. Ufupi huo ulificha uzito wa jambo lenyewe, kwa kuwa katiba ambayo kwa desturi hutungwa ili kumlinda raia mmoja dhidi ya nguvu ya wengi ilikuwa ikiombwa safari hii iwatoe raia wachache katika haki ambayo tayari walikuwa nayo mkononi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuielewa vizuri tofauti iliyokuwa kiini cha mgogoro, kwa sababu anaishi nayo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa zinazofungwa kwa taratibu za dini, za kimila na za kiserikali, na kila mtu anajua kwamba ndoa ya bomani, inayofungwa mbele ya ofisa wa serikali, haimlazimishi padri kuibariki wala sheikh kuisomea hotuba. Ndoa iliyobishaniwa California ilikuwa hii ya bomani, yaani hadhi ya kisheria inayobeba urithi, malezi ya watoto, kodi, bima na haki ya mwenzi kuingia katika chumba cha mgonjwa hospitalini. Mahakama ilisema wazi kwamba hakuna dini itakayolazimika kubadili mafundisho yake, wala kiongozi wa dini yeyote atakayelazimishwa kufungisha ndoa kinyume cha imani yake. Makanisa hayakuwa yakitetea altare zao, ambazo hakuna aliyezigusa; yalikuwa yakipigania kitabu cha msajili wa serikali.

Kumbukumbu ambayo makanisa yalikuwa nayo

Historia ya ndoa nchini Marekani ilipaswa kuyafanya makanisa yasite. Mwaka 1948 mahakama hiyohiyo ya California ilifuta sheria iliyokataza ndoa kati ya watu weupe na watu wa rangi nyingine, katika kesi iliyoletwa na Andrea Perez na mchumba wake Sylvester Davis. Wote wawili walikuwa Wakatoliki, na hoja yao ya msingi ilikuwa ya kidini: kanisa lao liko tayari kuwafungisha ndoa, kwa hiyo jimbo linapowazuia linaingilia uhuru wao wa kuabudu. Kwingineko dini ilitumiwa upande wa pili, kwani katika jimbo la Virginia, jaji aliyeshughulikia kesi ya Richard na Mildred Loving alijenga uamuzi wake juu ya dai kwamba Mungu aliziweka rangi za watu katika mabara tofauti kwa sababu hakutaka zichanganyike, na hoja hiyo haikuzimwa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi hiyo mwaka 1967. Hukumu ya Mei 2008 iliegemea kwa kiasi kikubwa kesi ya Perez, na hivyo Wakatoliki waliochangia kuipinga walikuwa, bila wengi wao kujua, wakishindana na tunda la ujasiri wa Wakatoliki wenzao.

Kumbukumbu chungu zaidi ilikuwa ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wafuasi wake hujulikana sana kwa jina la Wamormoni. Katika karne ya 19 Wamormoni walioishi Utah waliruhusu mitala kuwa sehemu ya dini yao, na taifa lililobaki, likiongozwa na dhamiri ya Waprotestanti walio wengi, likawakabili kwa mkono wa sheria. Mwaka 1879, katika kesi ya George Reynolds, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba imani si kinga kwa mwenye kuoa mke zaidi ya mmoja; mwaka 1887 Bunge lilipitisha sheria iliyolivunja kanisa lao kama taasisi ya kisheria na kuruhusu mali zake kutwaliwa; na mwaka 1890 rais wa kanisa hilo, Wilford Woodruff, alitoa tamko la kuacha ndoa mpya za mitala. Hapo palikuwa na jamii ndogo ya dini iliyoonja kwa mwili wake maana ya wengi kuamua kwa sheria ni ndoa ipi inayostahili jina hilo. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na uchungu ambao jamii imewahi kuuonja ulipaswa kuwa mwalimu wake pale inapokabidhiwa mkuki.

Jinsi jeshi la waumini lilivyopangwa

Ushiriki wa makanisa katika siasa za ndoa haukuzaliwa mwaka 2008. Katika kura za mwaka 1998 huko Hawaii na Alaska, Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilitoa moja kwa moja dola 600,000 na dola 500,000 kwa mfuatano huo, na mwaka 2004 majimbo 13 yalipitisha marekebisho ya katiba dhidi ya ndoa za jinsia moja, makanisa yakiwa nguzo ya kampeni katika sehemu nyingi. Kilichoitofautisha California ni upana wa muungano na nidhamu ya utekelezaji. Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa San Francisco, George Niederauer, ambaye kabla ya kuhamishiwa huko mwaka 2006 alikuwa askofu wa Salt Lake City, makao makuu ya Wamormoni, aliwaandikia marafiki zake wa zamani kuomba washiriki. Salvatore Cordileone, wakati huo askofu msaidizi wa San Diego, alikuwa miongoni mwa waliohangaikia fedha za mwanzo, na chama cha wanaume Wakatoliki cha Knights of Columbus kilichangia zaidi ya dola milioni moja. Upande wa makanisa ya kiinjili, mchungaji Jim Garlow wa Kanisa la Skyline, karibu na San Diego, aliwaunganisha wachungaji wa jimbo zima kwa mikutano ya simu, na Rick Warren, mchungaji mashuhuri wa Kanisa la Saddleback, aliwataka waumini wake waliunge mkono pendekezo.

Nguvu iliyoamua mwendo wa kampeni ilitoka Salt Lake City. Tarehe 29 Juni 2008, katika makusanyiko ya Wamormoni kote California, ilisomwa barua ya Urais wa Kwanza, ambacho ni chombo cha juu kabisa cha uongozi wa kanisa hilo, kinachoundwa na rais, anayeheshimiwa kuwa nabii, pamoja na washauri wake. Barua iliwaomba waumini wafanye kila wawezalo, kwa kutoa mali na muda wao, ili pendekezo lipite. Wamormoni walikuwa takriban asilimia mbili tu ya wakazi wa California, lakini mfumo wa kanisa lao, ambamo waumini hupangwa katika kata na kata kadhaa kuunda kigingi, na ambamo kila mtu mzima huwa na wito wa kazi fulani, ulikuwa tayari umewazoesha kupokea jukumu na kulitekeleza. Jeff Flint, mmoja wa waratibu wa kampeni, alikadiria baadaye kwamba Wamormoni walikuwa asilimia 80 hadi 90 ya watu wa kujitolea waliotembea nyumba kwa nyumba katika hatua za mwanzo, na makadirio ya wakati huo yalionyesha kuwa huenda walitoa hadi nusu ya takriban dola milioni 40 zilizokusanywa na upande wa kuunga mkono. Pande zote mbili kwa pamoja zilitumia zaidi ya dola milioni 80.

Sheria ya Marekani haikulizuia jambo hilo kwa jumla. Kwa mujibu wa kifungu kilichoingizwa mwaka 1954 na Seneta Lyndon Johnson, taasisi ya dini iliyosamehewa kodi hairuhusiwi kumpigia debe mgombea, lakini kuhusu hoja zinazopigiwa kura inaruhusiwa kutetea msimamo wake, mradi kazi hiyo isiwe sehemu kubwa ya shughuli zake. Kosa lililothibitishwa lilikuwa dogo: mwaka 2010 Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilitozwa faini ya dola 5,539 kwa kuchelewa kutangaza baadhi ya michango isiyo ya fedha taslimu. Kwa hiyo swali la uhalali lilijibiwa, na jibu lake lilikuwa upande wa makanisa. Swali la busara na la haki, ambalo hakuna tume ya uchaguzi inayoweza kulijibu, ndilo lililobaki wazi.

Busara hiyo inahitaji kutofautisha kazi tatu ambazo taasisi ya dini inaweza kuzifanya. Ya kwanza ni kufundisha, yaani kuwaeleza waumini wake ndoa ni nini kwa mujibu wa maandiko, na hapo haina wa kumwomba ruhusa. Ya pili ni kutoa hoja hadharani, yaani kusimama mbele ya raia wote, wakiwemo wasioshiriki imani yake, na kujaribu kuwashawishi kwa sababu ambazo nao wanaweza kuzipima. Ya tatu ni kuamuru, yaani kuigeuza kura kuwa kipimo cha utii. Mtu anapoambiwa jambo na yule anayemwamini kuwa nabii, kisha kiongozi wa kata yake akamwendea akiwa na kiasi cha mchango kinachotarajiwa, neno ombi hubaki katika barua, lakini moyoni mwa muumini huwa limekwisha kuwa agizo. Wapo Wamormoni waliokataa hadharani, na jambo hilo lilihitaji ujasiri. Nyumbani kwa Steve Young, nyota mstaafu wa mpira wa Kimarekani na mzao wa Brigham Young, kiongozi wa pili wa kanisa hilo, mkewe Barbara aliweka mabango ya kulipinga pendekezo. Wengi wasio na jina la kuwakinga walibaki wakichagua kati ya dhamiri yao na heshima yao katika kusanyiko, na familia zenye mtoto au ndugu mpenzi wa jinsia moja zilisikia jina lake likigeuzwa kuwa mada ya kampeni katika nyumba ambamo alibatizwa.

Lugha ya kampeni na lugha ya mimbari

Taasisi ya dini inapoingia katika kampeni hulazimika kusema kwa lugha ya kampeni, na lugha hiyo ina mabwana wake. Matangazo ya Pendekezo la 8, yaliyotayarishwa chini ya uongozi wa Frank Schubert, mtaalamu wa mawasiliano ya kisiasa, hayakueleza theolojia ya ndoa, hayakuzungumzia agano wala sakramenti, wala hayakunukuu Familia: Tangazo kwa Ulimwengu, waraka wa mwaka 1995 ambamo Wamormoni waliweka fundisho lao. Yalizungumzia shule. Tangazo moja lilimwonyesha mtoto wa kike akirudi nyumbani kumweleza mama yake kwamba amefundishwa shuleni kuwa mwana wa mfalme anaweza kumwoa mwana wa mfalme mwenzake, na mengine yaliwatisha wapiga kura kwamba makanisa yangepoteza msamaha wa kodi, ingawa mahakama ilikuwa imesema kwamba hakuna dini itakayolazimishwa. Hofu kwa ajili ya watoto ni hoja kongwe ya siasa kwa sababu humfikia mzazi kabla hajafikiri, na ilifanya kazi, kwani pendekezo lililokuwa nyuma katika kura nyingi za maoni za majira ya kiangazi lilipanda haraka mwezi Oktoba.

Uzito wa jambo hilo ulionekana wazi pale hoja zilipopelekwa mahali ambapo zilipaswa kuthibitishwa kwa kiapo. Januari 2010, katika kesi iliyosikilizwa na Jaji Vaughn Walker wa mahakama ya shirikisho mjini San Francisco, mmoja wa watu walioandikishwa rasmi kuwa waleta hoja aliulizwa kuhusu madai ya kutisha aliyokuwa ameyasambaza wakati wa kampeni, na alieleza kwamba baadhi aliyasoma katika intaneti. David Blankenhorn, mtaalamu aliyeitwa kulitetea pendekezo, alikiri chini ya maswali kwamba kuwaruhusu watu wa jinsia moja kuoana kungezinufaisha familia zao na watoto wanaolelewa ndani yake, na mwaka 2012 alitangaza hadharani kwamba amebadili msimamo wake. Hukumu ya Walker ya tarehe 4 Agosti 2010 ilisema kwamba imani ya kimaadili ya watu binafsi, hata ikiwa ya dhati kiasi gani, haitoshi peke yake kuwa msingi wa kuwanyima wengine haki. Dini ambayo ingebaki katika hoja zake yenyewe isingeaibika mahakamani kwa hoja za kuazima.

Wengi, wachache na waumini wa pande zote

Tarehe 4 Novemba 2008 Pendekezo la 8 lilipita kwa asilimia 52.2 dhidi ya 47.8, siku hiyohiyo ambayo wapiga kura wa California walimpa Barack Obama ushindi mkubwa. Kwa kuwa mahojiano na wapiga kura waliotoka vituoni yalionyesha kwamba asilimia 70 ya Wamarekani weusi walilipigia pendekezo kura ya ndiyo, lawama ziliwaangukia upesi, na hasira ya walioshindwa ikatafuta rangi ya kuegemea. Utafiti wa Patrick Egan na Kenneth Sherrill, uliotolewa Januari 2009, uliisahihisha picha hiyo kwa kukadiria kiwango chao kuwa karibu asilimia 58, na kwa kuonyesha kwamba tofauti iliyobaki ilielezwa kwa kiasi kikubwa na kuhudhuria ibada: aliyekwenda kanisani kila wiki, wa rangi yoyote, alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuunga mkono. Mimbari, kwa hiyo, ndiyo iliyokuwa na nguvu, na mwenye nguvu ndiye mwenye kuulizwa namna alivyoitumia.

Itakuwa dhuluma hata hivyo kuiandika habari hii kana kwamba dini yote ilisimama upande mmoja. Maaskofu wa Kanisa la Episkopali katika California walilipinga pendekezo, na Kanisa la Muungano la Kristo, ambalo sinodi yake kuu ilitambua usawa wa ndoa tangu mwaka 2005, pamoja na Wayahudi wa mrengo wa mageuzi, walikuwa miongoni mwa waliosema kwamba imani yao yenyewe inawadai wawatambue wapenzi wa jinsia moja kuwa jirani sawa nao. Kwa waumini hao, Pendekezo la 8 lilitumia katiba kutekeleza tafsiri moja ya dini dhidi ya nyingine, na hivyo uhuru wa kuabudu uliodaiwa kutetewa ulikuwa pia ukiumizwa.

Ni dhuluma vilevile kunyamazia yale waliyotendewa waliounga mkono. Baada ya kura, mahekalu ya Wamormoni yalizingirwa na waandamanaji wenye hasira, tangazo moja la wapinzani lililorushwa wakati wa kampeni lilikuwa limewaonyesha wamisionari wao wakivamia nyumba ya wanawake wawili na kuchana cheti chao cha ndoa, na Scott Eckern, mkurugenzi wa sanaa wa jumba la maigizo mjini Sacramento, alijiuzulu baada ya mchango wake wa dola 1,000 kujulikana. Kumhukumu mtu kwa dini yake ni dhambi ya kiraia hata pale mtu huyo alipoitumia dini hiyo kuwaumiza wengine, na wapigania usawa walioiga silaha ya kuitisha jamii nzima walilipunguzia dai lao ubora wake. Lakini uwiano wa maumivu haukuwa sawa: upande mmoja ulipoteza heshima na utulivu, na upande mwingine ulipoteza haki iliyoandikwa.

Mwangwi wake Afrika Mashariki

Yaliyotokea California hayakubaki huko, kwa sababu baadhi ya waliohubiri katika kampeni za aina hiyo walivuka bahari na kuja katika nchi zinazosema Kiswahili na jirani zake. Machi 2009 Scott Lively, mwanaharakati aliyejijenga katika siasa za aina hii huko Oregon miaka ya 1990, alizungumza katika semina mjini Kampala kuhusu kile alichokiita hatari ya ajenda ya mashoga. Miezi michache baadaye, Oktoba 2009, mbunge David Bahati alipeleka muswada ambao katika umbo lake la awali ulipendekeza adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Lou Engle, aliyeongoza mkutano mkubwa wa maombi na mfungo katika uwanja wa michezo wa San Diego siku chache kabla ya kura ya Novemba 2008, aliongoza mkutano wa aina hiyo katika Chuo Kikuu cha Makerere Mei 2010, muswada huo ukiwa mezani. Rick Warren, kwa upande wake, aliwaandalia wachungaji wa Uganda ujumbe Desemba 2009 akiulaani muswada kuwa wa dhuluma na usio wa Kikristo. Tofauti kati ya watu hao inafundisha jambo: hotuba iliyozoea kumwona raia mwenzako kuwa hatari kwa taifa ikipelekwa mahali pasipo na kinga za katiba za California, huzaa sheria ya jela na ya kifo. Katiba ya Uganda ilikuwa imekwisha kukataza ndoa za jinsia moja tangu marekebisho ya mwaka 2005, kwa hiyo sheria iliyotiwa saini mwaka 2023, yenye adhabu ya kifo kwa makosa iliyoyaita mazito zaidi, haikuwa na ndoa yoyote ya kuilinda.

Kenya nayo ilitoa funzo la aina yake. Tarehe 4 Agosti 2010, siku ileile ya hukumu ya Jaji Walker, Wakenya waliipigia kura katiba mpya ambayo maaskofu Wakatoliki na Baraza la Kitaifa la Makanisa waliipinga vikali, wakitaja vifungu vya utoaji mimba na mahakama za kadhi. Zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura, katika nchi yenye Wakristo wengi, waliipitisha. Waumini wa Kenya hawakuacha kuamini siku hiyo. Walikataa tu kuihesabu karatasi ya kura kuwa ungamo la imani, na makanisa yalilazimika kujiuliza kwa nini kundi lilisikia sauti ya mchungaji na bado likachukua njia yake.

Ushindi usiodumu

Mahakama ya Juu ya California ililiacha Pendekezo la 8 lisimame Mei 2009, ingawa ilizihifadhi ndoa 18,000 zilizotangulia. Hukumu ya Walker ilipopita hatua zote za rufaa, ndoa zilianza tena tarehe 28 Juni 2013, na tarehe 26 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitambua haki hiyo katika taifa zima. Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho halijabadili fundisho lake kuhusu ndoa, lakini limebadili mwenendo wake katika siasa. Mwaka 2015 liliunga mkono sheria ya Utah iliyowakinga wapenzi wa jinsia moja dhidi ya ubaguzi katika ajira na makazi huku ikilinda taasisi za dini, na mwaka 2022 liliunga mkono sheria ya shirikisho iliyotambua ndoa za jinsia moja pamoja na uhuru wa makanisa kutozifungisha. Jambo hilo linathibitisha kwamba njia ya kuishi pamoja ilikuwepo tangu mwanzo, na kwamba fundisho linaweza kubaki imara bila kumlazimisha asiyeliamini. Kanisa hilo leo lina mahekalu Kinshasa na Nairobi, na funzo lake linawahusu moja kwa moja waumini wa huku.

Novemba 2024 wapiga kura wa California waliifuta rasmi sentensi ya Pendekezo la 8 katika katiba yao kwa asilimia 62.6, katika jimbo ambalo mwaka 2000 lilikuwa limeikataa ndoa ya jinsia moja kwa asilimia 61.4. Wingi uliokuwa mkononi mwa makanisa ulihamia upande wa pili karibu wote katika kipindi cha miaka 24, na ndani ya kipindi hicho kizazi kizima cha vijana kilijifunza kulihusisha jina la kanisa na jina la jirani aliyenyimwa haki. Taasisi ya dini inayoukabidhi ukweli wake kwa hesabu ya kura imekubali, hata isipotamka, kwamba hesabu hiyo ikigeuka itakuwa imehukumiwa nayo.

Kwa hiyo kiongozi wa dini anayefikiria kuliingiza kundi lake katika kampeni ya aina hii ana mambo matatu ya kuyapima kabla ya barua yake kusomwa ibadani. La kwanza ni kama muumini atakayepiga kura tofauti atabaki na nafasi yake kamili katika jamii ya waumini, bila kunong'onwa. La pili ni kama kila tangazo litakalotolewa kwa jina la imani linaweza kusomwa altareni na kutetewa kwa kiapo bila aibu. La tatu, ambalo ni zito kuliko yote, ni kama angeikubali sheria hiyo iwapo wengi wangekuwa watu wa dini nyingine na ndoa inayopigiwa kura ingekuwa ya waumini wake mwenyewe. Kampeni ya California isingeweza kuvuka kipimo hata kimoja kati ya hivyo. Dini zitakazovizingatia hazitapoteza sauti yao katika mambo ya taifa, kwa kuwa zitaendelea kufundisha na kushawishi kwa uhuru wote. Kitakachozitoka ni uwezo wa kuwalazimisha wengine kwa mkono wa dola, na uwezo huo haukuwahi kuwa sehemu ya imani.